Msichana Aliyefungwa Chuma Mguuni

Wahenga walisema, "Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele." Methali hii hutajwa mara nyingi shuleni, mwanafunzi akishindwa katika mtihani au timu yake ikifungwa uwanjani. Kuitaja ni rahisi. Kuisadiki siku ile ile ya kushindwa ni kazi ngumu. Habari zifuatazo ni za msichana mmoja aliyejikwaa mara nyingi, mwilini na katika mambo yake, na kila mara akaondoka pale alipojikwaa akiwa mbele kidogo kuliko alivyokuwa kwanza.

1. MTOTO DHAIFU

Wilma Rudolph alizaliwa tarehe 23 Juni, 1940, mahali paitwapo Saint Bethlehem, karibu na mji wa Clarksville, katika jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, na uzito wake ulikuwa ratli 4 na nusu tu, yaani kilo 2 hivi. Baba yake, Ed Rudolph, alikuwa mpagazi katika gari la moshi, na kazi nyingine ndogo ndogo alizifanya kila alipozipata. Mama yake, Blanche, alikuwa mtumishi katika nyumba za Wazungu. Baba alioa mara mbili, na watoto wake wote walikuwa 22. Wilma alikuwa wa 20. Nyumba haikuwa na fedha, lakini haikukosa watu wa kusaidiana.

Tangu utotoni maradhi yalimwandama moja baada ya jingine. Alipatwa na homa ya mapafu na homa nyekundu. Na alipokuwa na umri wa miaka minne au mitano akashikwa na ugonjwa wa kupooza uitwao polio.

Yafaa mwanafunzi aelewe jinsi ugonjwa huu ufanyavyo kazi. Polio huletwa na virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Huingia mwilini kwa njia ya kinywa, hasa pamoja na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mtu aliyeambukizwa. Watu wengi wakiambukizwa hawaoni dalili kubwa. Lakini kwa wachache virusi hufika katika uti wa mgongo na kuharibu neva zinazopeleka amri ya ubongo kwenye misuli. Msuli usiopata amri haufanyi kazi, na msuli usiofanya kazi hunyauka kama mmea uliokosa maji. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wilma. Mguu wake wa kushoto ukalegea, ukapotoka, wala hakuweza kuukanyagia sawasawa. Wakati ule hapakuwa na chanjo. Chanjo ya kwanza iliyofaa, kazi ya daktari Jonas Salk, ilitangazwa mwaka 1955, naye Wilma alikuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa.

Daktari alisema ya kuwa mtoto huyu hatatembea kamwe. Mama yake alisema atatembea. Wilma mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, alisimulia kwamba katika maneno hayo mawili aliyasadiki ya mama yake.

2. SAFARI ZA NASHVILLE

Katika siku zile, sheria na desturi za kusini mwa Marekani ziliwatenga watu weusi na Wazungu. Shule zao zilikuwa mbali mbali, hata viti vyao katika magari ya abiria vilikuwa mbali mbali. Hospitali nyingi hazikuwapokea watu weusi, au ziliwapokea kwa shida. Lakini katika mji wa Nashville kulikuwa na chuo cha udaktari kiitwacho Meharry, kilichoanzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya kuwafundisha madaktari weusi, nacho kilikuwa na hospitali. Kutoka Clarksville hadi Nashville ni yapata maili 50, yaani kilometa 80.

Basi mama Blanche akaanza safari. Kila juma, kwa muda wa miaka miwili, alimchukua binti yake wakapanda gari la abiria, wakakaa viti vya nyuma, kwa kuwa ndivyo walivyotakiwa watu weusi kukaa. Wakifika hospitali mguu ulitazamwa, ukakandwa na kunyoshwa, kisha wakarudi tena maili 50. Kesho yake mama aliamka mapema akaenda kazini kwake kama kawaida.

Madaktari wa Meharry hawakumponya Wilma kwa siku moja, wala hawakuahidi hivyo. Walifanya jambo lenye manufaa zaidi: walimfundisha mama jinsi ya kuukanda mguu, na mama akawafundisha wanawe wakubwa. Tangu hapo mguu wa Wilma ukawa unakandwa nyumbani mara nne kwa siku, ndugu zake wakipokezana zamu. Kukanda na kunyosha hakuwezi kufufua neva iliyokufa. Lakini husaidia viungo visikazike na misuli isifupike, ili nguvu iliyosalia isipotee bali izoezwe na kuongezeka. Ni kazi isiyoonekana faida yake leo wala kesho. Mtu huifanya juma zima asione tofauti yo yote, na akiiacha kwa kukata tamaa hupoteza hata alichokwisha kupata. Haba na haba hujaza kibaba.

Ili aweze kwenda, alifungwa chuma mguuni cha kuutegemeza. Chuma hicho kilimsaidia kusimama, lakini kilikuwa pia alama iliyomtenga na watoto wengine. Kila aliyemwona alijua mara moja kwamba ni mgonjwa.

3. SHULENI

Kwa sababu ya maradhi yake Wilma hakwenda shule mapema kama wenzake; alifundishwa nyumbani. Hata mwaka 1947, alipokuwa na umri wa miaka saba, ndipo alipoingia shule ya msingi ya Cobb, mjini Clarksville, akaanzia darasa la pili.

Mtoto aliyezoea kuwa mgonjwa nyumbani hupendwa na kuhurumiwa. Shuleni mambo ni mengine. Wako wenye huruma, wako wanaocheka, na wako wasiojali. Wakati wa mapumziko wenzake walipokimbia uwanjani, yeye alikaa akiwatazama. Haja yake kubwa katika miaka ile haikuwa kushinda mbio, wala hakuwaza habari za nishani. Alitaka jambo moja tu: awe kama watoto wengine, atembee pasipo chuma.

Akaanza kujizoeza. Nyumbani alijaribu kutembea bila chuma, hatua chache leo, na chache zaidi siku nyingine. Ndugu zake walicheza mpira wa kikapu uani, naye akajitia mchezoni pamoja nao. Alipofikia umri wa miaka 12 chuma kikaondolewa kabisa. Miaka yapata minane ilikuwa imepita tangu alipougua. Mtu akihesabu mikono iliyoukanda mguu ule mara nne kwa siku katika miaka hiyo, ataona ya kuwa ushindi wa kwanza wa Wilma haukuwa wake peke yake. Ulikuwa wa mama yake, wa ndugu zake, na wa madaktari wa Meharry.

4. KUKAA BENCHI

Alipoingia shule ya sekondari ya Burt, shule ya watoto weusi wa Clarksville, Wilma alitaka kucheza mpira wa kikapu, kama dada yake Yvonne. Mwalimu wa michezo, Clinton Gray, alimpokea katika timu lakini hakumpa nafasi ya kucheza. Siku nyingi Wilma alivaa nguo za mchezo, akakaa benchi, mchezo ukaisha, naye akarudi nyumbani bila kuugusa mpira.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huharibikiwa. Aliyekaa benchi aweza kufanya mambo mawili. Aweza kununa, akaanza kuwasema vibaya waliochaguliwa, na mwisho akaacha mchezo. Au aweza kutumia macho yake. Wilma alitazama. Alijifunza kanuni za mchezo kwa makini, akaangalia wachezaji wenzake na wa timu nyingine, akamsumbua mwalimu kwa kumwuliza lini atampa nafasi. Alikuwa mrefu na mwembamba, huonekana huku na huku bila kutulia, hata mwalimu Gray akampa jina la utani la "Mbu". Jina hilo halikumfukuza uwanjani.

Hatimaye alipewa nafasi. Alipokuwa katika mwaka wake wa pili wa sekondari, alifunga pointi 803 katika msimu mmoja, idadi ambayo hakuna msichana wa sekondari katika jimbo lake aliyekuwa ameifikia. Katika mashindano ya mpira wa kikapu alionekana na Ed Temple, mwalimu wa mbio wa wasichana katika chuo kikuu cha jimbo la Tennessee kilichoko Nashville, ambaye alikuwa akifanya kazi ya mwamuzi wa michezo. Temple hakutazama tu jinsi msichana huyu alivyotupia mpira kikapuni. Alitazama miguu yake. Mguu ule wa kushoto uliofungwa chuma sasa ulikwenda sawa na wa kulia. Akamwalika kuja chuoni wakati wa likizo kujizoeza mbio.

5. KUSHINDWA KULE TUSKEGEE

Katika mbio za shule za kwao Wilma alikuwa akishinda kwa urahisi. Wala hakujizoeza sana, kwa kuwa nguvu za asili zilimtosha. Mtu ashindaye bila kufanya kazi huanza kudhani ya kuwa kazi si lazima.

Kulikuwa na mashindano makubwa yaliyofanyika katika chuo cha Tuskegee, jimboni Alabama, chuo kile kilichoanzishwa mwaka 1881 na ambacho mkuu wake wa kwanza alikuwa Booker T. Washington. Wasichana wepesi kutoka majimbo mbali mbali walikutana hapo. Wilma akaenda, akiwa na matumaini makubwa. Akakimbia mbio zote alizoandikishwa, na hakushinda hata moja.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini kukubali kushindwa si kusema tu, "Nimeshindwa," kisha kwenda zako. Ni kuuliza, "Nimeshindwa kwa sababu gani?" Wilma aliona sababu. Wasichana waliomshinda hawakuwa na miguu bora kuliko yake; walikuwa na mafundisho. Walijua namna ya kuanza mbio, jinsi ya kuchukua pumzi, na jinsi ya kulegeza mabega na mikono ili nguvu yote iende miguuni. Yeye alijua kukimbia tu. Siku kadhaa alikaa na huzuni. Kisha akarudi uwanjani, na tangu siku ile hakutegemea tena vipawa vya kuzaliwa navyo pasipo kazi.

Likizo ilipofika akaenda kwa mwalimu Temple. Huko alikuta kanuni kali. Kanuni moja ilikuwa hii: mwanafunzi akichelewa mazoezini, kwa kila dakika aliyochelewa atazunguka uwanja mara moja zaidi. Husimuliwa ya kuwa siku moja Wilma alilala sana akachelewa dakika 30, naye akazunguka uwanja mara 30. Kesho yake alionekana ameketi uwanjani dakika 30 kabla ya saa ya mazoezi.

6. NISHANI YA SHABA

Mwaka 1956 Wilma alichaguliwa katika timu ya Marekani iliyokwenda Melbourne, Australia, kwenye Michezo ya Olimpiki. Alikuwa na umri wa miaka 16, bado mwanafunzi wa sekondari, na katika timu ya mbio alikuwa mdogo kuliko wote.

Katika mbio za meta 200 alitolewa mapema, asifike hatua ya mwisho. Ilikuwa Tuskegee ya pili, mbele ya watu wa dunia nzima. Lakini mara hii hakuwa mtoto yule yule. Mbio za kupokezana kijiti zilikuwa bado. Katika mbio hizo wakimbiaji ni wanne, kila mmoja hukimbia meta 100, na timu yaweza kushindwa si kwa uzito wa miguu bali kwa kijiti kuanguka. Wilma alikimbia zamu ya tatu, kijiti hakikuanguka, na timu yake ikapata nafasi ya tatu na nishani ya shaba.

Akarudi Clarksville, akaingia darasani. Wenzake wakaipokezana nishani mkono kwa mkono wakiitazama. Naye akaweka nia: miaka minne ikipita, atakwenda tena, na mara hiyo atafuata dhahabu.

7. MWAKA MGUMU

Mwaka 1958, alipokuwa akimaliza shule ya sekondari, Wilma alipata mimba, akazaa mtoto wa kike. Watu wengi huona ya kuwa jambo la namna hii ni mwisho wa masomo ya msichana. Tena mwalimu Temple hakuwa na desturi ya kuwachukua wenye watoto katika timu yake.

Lakini hapa pia Wilma hakuachwa peke yake. Jamaa zake hawakumtupa. Walikubali kumsaidia kumlea mtoto, na Temple akamfungulia mlango. Mwaka huo huo akaingia chuo kikuu kusomea ualimu. Kwa kuwa wakimbiaji wa kike hawakupewa fedha ya bure, alilipia masomo kwa kazi: alifanya kazi chuoni saa mbili kila siku, akahudhuria masomo, kisha akaenda mazoezini. Asiyejua mambo hayo hudhani ya kuwa mbio huanza mlio wa bastola unaposikika.

8. ROMA, 1960

Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1960 ilifanyika Roma, nchini Italia. Kabla ya mbio zake za kwanza Wilma aliteguka kifundo cha mguu. Kikafungwa, akapumzika, na siku ya mbio akasimama mstarini pamoja na wenzake.

Tarehe 2 Septemba akashinda mbio za meta 100 kwa sekunde 11.0. Muda huo haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia, kwa maana upepo uliovuma nyuma ya wakimbiaji ulizidi meta 2 kwa sekunde, na kanuni haziruhusu rekodi yenye msaada wa upepo mkubwa kuliko huo. Lakini nishani ilikuwa yake. Tarehe 5 akashinda meta 200.

Zikabaki mbio za kijiti. Wasichana wanne wa Marekani, Martha Hudson, Lucinda Williams, Barbara Jones na Wilma, wote walikuwa wanafunzi wa mwalimu mmoja na chuo kimoja. Wilma alikuwa wa mwisho. Barbara Jones alipomfikia, kijiti hakikushikwa vizuri, nusura kianguke. Wilma ikambidi apunguze mwendo ili akishike sawasawa, na Jutta Heine wa Ujerumani akatangulia. Mtu mwenye pupa angalirukia mbele akaacha kijiti nyuma, na kazi ya wenzake watatu ingalipotea. Wilma alikishika kwanza, kisha akakimbia. Akampita Jutta Heine, na timu yake ikashinda kwa sekunde 44.5.

Hivyo akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kupata nishani tatu za dhahabu za riadha katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka mmoja. Siku chache baadaye, katika mji ule ule wa Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio ndefu za marathoni akiwa miguu mitupu.

9. KURUDI NYUMBANI

Watu wa Clarksville walitaka kumpokea kwa maandamano na karamu. Lakini mji ule ulikuwa bado ukiwatenga watu kwa rangi, na mambo yote ya namna hiyo yalifanywa mbali mbali, ya Wazungu peke yao na ya watu weusi peke yao. Wilma akasema hatakuja kwenye sherehe ya namna hiyo.

Hilo lilikuwa neno zito kwa msichana wa miaka 20, ambaye mama yake alikuwa akiwatumikia wakubwa wa mji ule majumbani mwao. Kama wangalikataa, angalikosa heshima aliyoifanyia kazi miaka mingi. Hawakukataa. Tarehe 4 Oktoba, 1960, watu weusi na Wazungu waliandamana pamoja katika njia za Clarksville, kisha wakala karamu katika ukumbi mmoja. Katika mji ule sherehe kama hiyo haijapata kufanyika kabla ya siku ile.

Mwaka 1962 aliacha mashindano. Mwaka 1963 alitumwa Afrika Magharibi, akahudhuria Michezo ya Urafiki mjini Dakar, Senegali. Mwezi wa Mei mwaka huo huo alirudi Clarksville, akajiunga na watu waliodai kuhudumiwa katika hoteli moja ya chakula iliyowakataa watu weusi. Na haukupita muda mrefu mkuu wa mji akatangaza ya kuwa nyumba za chakula na mahali pengine pa watu wote patakuwa wazi kwa watu wa rangi zote.

Mwaka ule ule wa 1963 akapata shahada yake ya ualimu. Akarudi katika shule ya Cobb, akawa mwalimu wa darasa la pili, darasa lile lile alilolianza mwaka 1947 akiwa amefungwa chuma mguuni. Tena akawafundisha mbio wanafunzi wa Burt. Baadaye aliondoka huko, akafanya kazi mahali pengi. Na mwaka 1981 akaanzisha chama cha kuwasaidia watoto maskini kwa njia ya michezo na masomo. Alifariki tarehe 12 Novemba, 1994, akiwa na umri wa miaka 54.

10. MAFUNZO YA HABARI HII

Yako mambo matatu ambayo mwanafunzi apaswa kuyashika katika habari hii.

La kwanza, mwili haukui kwa nia peke yake. Mguu wa Wilma ulipona kwa kazi ndogo iliyorudiwa kila siku. Ndivyo ilivyo katika hesabu na katika kuandika. Atakayefanya hesabu tano kila siku atamshinda afanyaye hamsini usiku wa kuamkia mtihani.

La pili, kushindwa hakufundishi kitu ila kwa mtu anayeuliza maswali. Wasichana wengi walishindwa Tuskegee siku ile, wakarudi makwao. Wilma alirudi na sababu.

La tatu, hakuna ainukaye peke yake. Aliyepokea msaada na asitoe, kijiti kimeanguka mkononi mwake. Mama alimpa Wilma miaka ya safari. Temple alimpa nafasi ya pili. Naye aliwapa watu wa mji wake karamu moja badala ya mbili, na watoto wa Cobb mwalimu.

Na kuhusu ule ugonjwa, dunia ya leo si ya mwaka 1944. Matone machache ya chanjo yaweza kumkinga mtoto, na mwezi wa Agosti, 2020, ilitangazwa ya kuwa polio ya asili imekomeshwa Afrika. Walakini ugonjwa uliofukuzwa hurudi mahali watoto wanapoachwa bila chanjo. Mwanafunzi mwenye mdogo wake nyumbani na awaulize wazazi wake, "Mtoto huyu amekwisha chanjwa?" Swali hilo ni dogo, lakini laweza kuokoa mguu.

MASWALI

1. Virusi vya polio huingiaje mwilini, na kwa nini msuli hunyauka?
2. Kwa nini mama Blanche alimpeleka binti yake Nashville, maili 50 kutoka nyumbani?
3. Kukanda mguu kulisaidia nini, na ni jambo gani ambalo hakukuweza kufanya?
4. Mchezaji aliyewekwa benchi aweza kufanya mambo gani mawili? Wilma alifanya lipi?
5. Eleza sababu ya Wilma kushindwa kule Tuskegee.
6. Mbona muda wa sekunde 11.0 haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia?
7. Wilma alipunguza mwendo katika mbio za kijiti kule Roma. Je, alifanya vema? Toa sababu.
8. Kwa maoni yako, ushindi upi wa Wilma ulikuwa mgumu zaidi: ule wa uwanjani Roma au ule wa Clarksville mwezi wa Oktoba, 1960?
9. Andika insha fupi juu ya siku uliyoshindwa katika jambo fulani. Usiseme tu ya kuwa ulihuzunika. Eleza sababu ya kushindwa, na ulilofanya kesho yake.